Lebo Kumi na Moja za Bi Pini

Bi Pini, binti wa fundi viatu ambaye hakurudishiwa hata kiatu kimoja kwa ubovu, mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto wa mtaa mzima: huyo ndiye aliyewachoma pini mbawakawa wa makumbusho kwa miaka thelathini na minne. Walisema mkono wake haukosei, na sifa hiyo aliipiga pasi kila asubuhi pamoja na koti lake jeupe.

Chumba chake kilinuka dawa ya nondo. Ndani ya droo walilala mbawakawa wawindaji, wale wenye mbio na taya kama mikasi. Wengine kijani cha kung'aa, wengine rangi ya shaba, wengine weusi ti. Kila aina ina udongo wake. Huyu hataki ila mchanga wa mtoni, yule hataki ila njia nyekundu iliyoshindiliwa na miguu ya watu. Hapo hapo buu lake huchimba shimo la wima, huziba mlango kwa kichwa, na kungoja sisimizi apite. Lebo chini ya pini ndiyo husema mdudu alitoka wapi. Bila lebo ni pambo tu.

Siku moja kabla ya kuagwa kwa kustaafu, alimwita binti wa mdogo wake, aliyekuwa anarithi kiti chake.

"Funga mlango, mwanangu."

"Mama mkubwa, mbona unanitisha? Kuna mdudu amefufuka?"

"Heri angefufuka, angesema mwenyewe kwao ni wapi."

Akavuta droo ya saba, akamsimulia. Mwaka wake wa pili kazini kisanduku kilimponyoka, mbawakawa kumi na mmoja wakaachana na lebo zao. Walikuwa wa aina mbili, wa mtoni na wa njiani, wanaotofautiana kwa doa moja la begani ambalo wakati huo hakulijua. Aliona haya kusema. Akabahatisha, akazirudisha lebo kimyakimya. Baadaye mtaalamu wa wadudu akaikuta droo ile, akaandika kwamba aina ya mtoni huishi njiani pia.

"Nani atajua? Wa zamani wote wameshaondoka."

"Mimi nipo. Na wachimba mchanga wameomba ukingo wa mto anakoishi yule wa mtoni. Mtaalamu anataka kuwajibu wachimbe tu, mdudu ana kwao kwingine. Huko kwingine nimekutengeneza mimi, kwa mkono huu."

"Kesho wanakusomea hotuba, Mama mkubwa!"

"Waisome na kosa hili ndani yake."

Akachomoa lebo moja moja kwa kibano, akaweka nyingine: *Alikotoka hakujulikani. Kosa langu.* Akatia sahihi mara kumi na moja. Kisha akampa binti lebo tupu na kalamu.

"Lebo hizi nilizozichomoa mpelekee mtaalamu sasa hivi, aizuie barua yake. Halafu nenda kwenye njia nyekundu, jua likiwa kali. Usimfukuze mbawakawa, hutamweza. Akikimbia sana macho yake hayaoni kitu, husimama ghafla ili aone tena. Hapo ndipo umtazame begani."

"Na nisipomwona wa mtoni?"

"Andika hujamwona. Kesho kutwa urudi tena."