Siafu Niliowafukuza Nyumbani

Niliwamwagia siafu majivu ya moto mlangoni kwetu, nikajiona kidume. Juzi walipovamia bweni letu na wenzangu wakakimbilia mafuta ya taa, hasira zangu za siku ile kule nyumbani Nyakitonto zikapanda upya.

Mchana ule mama alitoa nje unga na mboga, mdogo wangu akiwa mgongoni, akauacha mlango wazi. Siafu wakaingia kama wageni wa harusi. Ndani kulinuka magodoro na kunguni waliotutafuna tangu masika.

"Waache wafanye kazi yao, usiwaguse," mama aliniambia, akaenda kuchota maji.

Nilidhani anawaogopa. Sikujua kwamba siafu wakipita ndani ya nyumba, hawabakizi kunguni hata wa dawa. Tena siafu mmoja alishanipanda ndani ya kaptula, akaniuma mahali ambapo hata nesi nisingemwonyesha. Nikakomba majivu jikoni huku nikiwatukana.

Kweli waligeuka. Wakaelekea moja kwa moja kwenye banda la kuku. Vifaranga walilia kidogo tu, kisha kukawa kimya. Niliwakasirikia siafu, nikamkasirikia kuku aliyekimbia akaacha wanawe, nikamkasirikia hata mama kwa kutonieleza. Bado sijapoa.

Mama alirudi, akachungulia bandani, akatua ndoo taratibu. Akanitazama.

"Vifaranga wangu sina, kunguni wapo wote. Haya baba, leo kalale peke yako na hao uliowaokoa."