Siku Ranchi Yangu Ilipohama

Mpaka leo nikipita mtaa wa Panda kuna watu wananiuliza kama ng'ombe wamerudi, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe kuliko kusikia kwa wengine (wao huongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi).

Baba alituachia shamba kule Buluo na ng'ombe wa nyama wanne. Wanne basi. Lakini nilipokuwa namtongoza Ngalula nilikuwa nasema "ranchi", nikizungusha mdomo vizuri kama Mfaransa, mpaka baba yake, mzee Kabeya, mtu asiyecheka ovyo, akasema kabla ya kutoa binti atakuja kuiona kwa macho yake, Jumapili baada ya misa.

Nikaenda kwa jirani, mama Mwansa, nikaazima kundi lake lote kwa mchana mmoja tu.

Mzee akafika na Ngalula na shangazi mmoja. Nikawatembeza nikiwa ndani ya suti, na kwa kuwa mzee aliuliza jina la kila ng'ombe, nikaanza kuwabatiza palepale, huyu Président, huyu Madame, na yule mkongwe wa pembe moja nikamwita Ngalula, kwa heshima (shangazi hakuiona heshima).

Jua lilipoanza kupoa, yule wa pembe moja akainua kichwa, akatupita, akashika njia. Wengine wakamfuata. Nikasema wanaenda kunywa maji. Kisha wanne wangu nao wakafuata, wapumbavu wale, na mimi nikakimbia nyuma nikiita "Madame, Madame", nikateleza kwenye mavi, nikainuka, nikaendelea, mpaka zizi la mama Mwansa.

"Aksanti kunirudishia, papa," akasema kwa sauti. "Na hizi ine zako," akaonyesha vidole vinne, "nifungie pia?"

Nikageuka. Mzee alikuwa nyuma yangu, anakuja polepole, Ngalula na shangazi wakimfuata.

"Na mutoto yangu," akauliza, "weye ulitaka kumuazima tu, magaribi arudie kwetu?"

Ngalula ndiye aliyejibu, ameshika mbavu kwa kicheko: "Papa, minye nilijua ni ine. Nilitaka kuona atafika wapi."

Tulioana. Mmoja wa wale wanne tulimla harusini, na shangazi alitangaza kwa meza zote kwamba nyama ni ngumu. Siku hizi mgeni akija namwonyesha watatu waliobaki, na yule anayekohoa namtanguliza, asije akasema nimemficha kitu.