Mahindi Yaliyobaki Nje ya Sanduku

Kuna Jumamosi moja, mdogo wangu, ambayo nikiikumbuka nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu. Mimi si mzee, unajua, umri wetu haujaachana sana. Lakini umeniomba nikufundishe kutengeneza masanduku ya spika, na siwezi kukupa msumeno kabla sijakuambia nilichomfanyia Wanjiku.

Wanjiku alifanya kazi katika kiwanda kimoja pale Eneo la Viwanda, Thika, na kila Jumapili alisimamia mitambo ya sauti kanisani kwetu, hukohuko Thika. Hakuna aliyemlipa. Alikipenda tu kile kiti cha nyuma, vidole kwenye mixa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti, akiisikiliza kwaya kama mama anayemsikiliza mtoto akisoma. Kanisa liliponunua spika kubwa ya besi, wazee walitaka sanduku la dukani. Yeye ndiye aliyesimama akanitaja mimi, akasema, “Brayo wa Ruiru atalitengeneza. Mimi namjua.”

Kazi hii nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu nisiowajua. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, niliogopa kila kitu. Kona nilizipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Karatasi iliyokuja na spika ilisema sanduku libebe lita ngapi za hewa, nami nikapiga hesabu, nikairudia, nikaamka usingizini nikairudia tena. Kumbe vipimo vyote nilikuwa nimevichukua kwa nje. Sikutoa unene wa plaiwudi, wala mbao za kukaza, wala bomba la hewa, wala nafasi inayoliwa na sumaku ya spika yenyewe.

Jumamosi hiyo, gundi imeshika na zulia la kulifunika kwa nje limebandikwa, nikaamua kuhakikisha. Nikachukua mahindi ya mama, nikayapima kwa gorogoro, lile kopo la lita mbili, nikiyatia kwenye gunia tupu hadi yakatosha lita zile, nikaanza kuyamimina kupitia tundu la spika. Sanduku likajaa mpaka mdomoni. Kwenye gunia bado kulikuwa na mahindi, tena mengi. Nikaketi sakafuni nikiyatazama.

Ningempigia Wanjiku simu aniombee kwa wazee wiki moja zaidi, angeniombea. Lakini kulibomoa kungeharibu kona zangu, na aki, zile kona zilikuwa zimependeza! Nikajiambia hakuna atakayejua. Nikayamwaga mahindi, nikafunga spika, na sanduku likapelekwa Thika.

Asubuhi iliyofuata wazee walilipapasa wakanisifu. Kisha kwaya ikaanza. Hewa ya ndani ilikuwa kidogo mno kwa spika ile, kwa hiyo noti za chini kabisa hazikutoka, na zile za juu yake zikavuma zote kwa mlio mmoja, kama mtu anayepiga tangi tupu. Wanjiku akakunja uso. Akaongeza besi kidogo ili zile noti zipatikane. Spika ikagonga mara kadhaa, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza.

Baada ya ibada mwenyekiti wa kamati alimjia. “Haiya, wewe msichana! Hiyo kitu ni mpya na umeshaichoma?”

“Sikuongeza sana, mzee. Brayo, si ulikuwa hapa? Waambie. Niliongeza kupita kiasi?”

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na jibu, nililiona jana yake kwa macho yangu.

“Labda kidogo,” nikasema.

Wakasema watampumzisha. Ndilo neno walilotumia, kumpumzisha, na kiti chake akapewa mtu mwingine.

Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Mwishowe nikajenga sanduku jingine, nikilipima kwa ndani na kutoa kila kinachokula nafasi, nikampa fundi spika aikarabati, nikaenda mbele ya kamati nikasema yote. Mwenyekiti aliniuliza, “Sasa kijana, mbona hukusema siku ile?” Wakanituma nikamrudishe Wanjiku.

Nilimkuta kwenye lango la kiwanda, akisubiri kuingia zamu.

“Sanduku sasa linalia vizuri?” akaniuliza.

“Vizuri.”

“Basi ni sawa. Lile la kwanza hata mimi ningekusaidia kulibomoa, Brayo, tungecheka tu. Lakini nilikuomba mbele ya watu, na ukaniangalia machoni.”

Lango likafunguliwa akaingia. Kiti hakukirudia. Siku hizi huketi kule kwenye mabenchi pamoja na wengine, na besi inapoingia chini kabisa, safi, mimi ndiye nisiyeweza kuifurahia.

Basi pima kwa ndani, mdogo wangu. Toa unene wa ubao, toa bomba, toa sumaku, na ujaribu kwa nafaka kabla ya kugusa gundi. Hata hivyo utakosea, kwa sababu sote hukosea. Siku hiyo usiangalie kona zilivyopendeza. Mpigie simu yule aliyekusemea, kabla sanduku halijatoka mlangoni, kwa sababu likishatoka, wa kulilipia hatakuwa wewe. Mungu akubariki kwa mkono ulio makini, na akupe ujasiri wa kusema “nimekosea” ukiwa bado na nafasi ya kulisema. Mimi nilichelewa. Wewe Mungu akuwahishe.