Ubao Uliotokea Kinyume

Najua miaka ishirini na saba haimtoshi mtu kusema "enzi zetu", lakini waliokua nami Katangi watanielewa. Utoto wetu ulinukia makaa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliokataa kuiva. Wangu ulinukia pia wino wa unga ukiyeyuka juu ya shaba.

Wenzangu walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, hadi sketi zikawa rangi ya udongo. Mimi nilifungua redio mbovu. Hakuna aliyenifundisha; nilisoma kurasa nilizochapisha saiba, kwenye duka la intaneti, hadi zikachanika. Na nikiri: nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Mstari ukikatika kwa upana wa unywele, nilitupa kazi nzima.

Ubao wa saketi tuliutengeneza hivi. Unachora njia za umeme kwenye kompyuta, unazichapisha kwa wino wa unga kwenye karatasi ya kung'aa ya jarida kuukuu, unailaza kifudifudi juu ya shaba, unapiga pasi. Wino unahamia kwenye shaba. Unaloweka, unasugua karatasi kwa kidole gumba hadi iishe, kisha unatumbukiza ubao kwenye karai la dawa ya kahawia inayokula shaba yote isiyofunikwa. Kwa kuwa karatasi inalala kifudifudi, lazima mchoro uchapishwe kinyume, kama unavyoonekana kwenye kioo.

Pasi ilikuwa ya Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na pasi yake ya makaa niliiazima kwa masharti mengi kuliko ya ndoa.

Maji ya kisima cha kijiji yalifunguliwa Jumamosi tu, na kazi yangu ilikuwa kulinda tangi letu lisifurike. Mara mbili nilizama kwenye kurasa zangu, maji yakatiririka hadi kwa jirani, bata wake wakapata sherehe. Mara ya pili Mwaitu hakupaza sauti.

"Yakimwagika tena Jumamosi, boksi lako la vyuma linaenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Akikataa, nitambembeleza."

Boksi hilo la vipuri vya redio ndilo lilikuwa maisha yangu yote. Nikaamua kutengeneza kengele ya kulia tangi likijaa. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimetupa mbao nne kwa sababu ya kasoro ambazo mimi peke yangu niliziona. Kilibaki kipande kimoja cha shaba.

Ijumaa kaka Mutisya, mwenye saiba, alinichapishia mchoro. Nilikagua kila mstari kwa lenzi, mara nne. Nikapiga pasi, nikasugua, nikatumbukiza. Kila njia ilitoka safi. Niliposuuza ubao ndipo nikaona jina langu, Mutheu, nililoliandika pembeni. Lilikuwa limegeuka. Saketi nzima ilikuwa imegeuka.

Nilikimbia kwa Mutisya. Akanijibu kwa fahari kwamba maandishi yalikuwa kinyume kwenye kompyuta, akajua nimekosea, akaninyooshea bila kunisumbua.

"Na hata asante hukusema, dada."

Mimi niliyepima unywele sikuwa nimeona kwamba jina langu linasomeka vizuri kwenye karatasi.

Nyumbani nililia juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mwaitu, pini mdomoni, alitaka kujua nani amekufa. Nikamweleza: vifaa vinakaa upande usio na shaba, miguu yao inapenya kwenye matundu, na sasa kila mguu ungeingia mahali pa mwenzake. Akatoa pini, akaugeuza ubao mara mbili.

"Nikipachika mfuko ukatokea upande mbaya wa kitambaa, huwa nalia? Weka hivyo vidudu upande huu wa shaba. Kwani stima inajua ubao una mgongo?"

Nikajaribu kifaa kimoja upande huo. Alikuwa sahihi. Vifaa vikipanda upande wa shaba, kila mguu ulirudi mahali pake. Ulikuwa ubao mbaya kuliko zote nilizowahi kutupa, na huo sikuutupa.

Jumamosi kengele ililia kama kifaranga aliyekanyagwa. Mwaitu aliruka kutoka kwenye cherehani, akafunga mfereji mwenyewe, akapitisha kiganja chini ya tangi. Pakavu. Akaniuliza tu kama naweza kuifanya ilie kwa sauti ya mtu mzima. Boksi likabaki chini ya kitanda changu.

Siku hizi nina karakana ndogo Kyumbi. Vijana ninaofanya nao kazi wanatuma mchoro ng'ambo kwa simu, na ubao ukichelewa siku mbili wanaomboleza kana kwamba wamenyimwa chakula. Hawajui kidole gumba kinavyochubuka, na siwatakii wajue. Mbao zinafika za kijani, zinang'aa, matundu yametobolewa tayari. Nafungua kifurushi, nakagua kila mstari kwa lenzi, mara nne bado, na sioni kasoro hata moja. Kisha nainua kichwa kutafuta wa kumwonyesha, na kila mtu ameinamia simu yake.