Sufuria Ile Haikuwa Zawadi

Watu wa mtaani kwetu wanaposimulia habari za mama yangu, husema alikataa kwenda Bulaya, yaani Ulaya. Si kweli, na nimechoka kuwasahihisha. Pasipoti aliitafuta, chanjo alichomwa, picha alipiga, Papa akiwa kando yake ndani ya abakosi ya kijivu, ile suti ya wakati ule isiyo na tai, iliyomkaba shingo. Mama hakukataa kwenda. Alikataa kuondolewa, na hayo ni mambo mawili.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Wazazi wangu walikaa Muhungu, hapa Bukavu, katika nyumba ya matofali ambayo Papa aliijenga polepole kwa mshahara wa ualimu. Kaka yangu mkubwa na dada anayemfuata walikuwa wamekwenda Ubelgiji kusoma, wakaoa na kuolewa huko, wakazaa huko. Mimi, kitinda mimba, niliolewa papa hapa mjini, nikawa nafundisha shule ya msingi na kupanga vyumba viwili Kadutu na mume wangu. Kaka aliamua kwamba wazee wamechoka, wahamie kwake. Mimi sikuulizwa. Aliyebaki nyumbani ni wa kutumwa tu, na kazi niliyotumwa ilikuwa kuifunga nyumba ya wazazi wangu.

Maagizo yalikuja kwa kaseti, maana kaka hakupenda kuandika. Tulikaa sebuleni, Papa akabonyeza redio, na sauti ya kaka ikatoka, imenenepa kidogo tangu alipoondoka.

“Maman, usibebe vyombo. Huku kila kitu iko. Vitu vya nyumba mugawe. Na nyumba, nimeisha pata mutu wa kuinunua, petite sœur atashugulika.”

Petite sœur, mdogo wake, ni mimi. Mama alizima redio kwa kidole. Akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena hadi kwenye neno “mugawe”, akazima tena. Kisha akanigeukia mimi kana kwamba sauti ile ilikuwa yangu.

“Vitu vya mutu banagawanyaka wakati gani?”

Jibu nililijua vizuri. Kwetu vitu vya mtu hugawanywa baada ya matanga yake. Nilisema sijui, nikaenda kuchemsha chai.

Wiki ileile wakaja wanawake wa shirika, kile kikundi cha sala cha mtaani, kumuaga Mama. Waliimba, walisali, halafu wakaanza kutazama. Nasema kutazama kwa sababu niliwaona: mmoja alipima kinu kwa macho, mwingine beseni, mwingine vikombe vya kabatini. Jirani wa nyumba ya chini, mjane mwenye moyo mzuri lakini mikono isiyotulia, aliinua mfuniko wa sufuria kubwa. Sufuria hiyo ilipika harusi yangu, ubatizo wa watoto wa mtaa, na vilio vya misiba visivyo na idadi.

“Maman, hii utaachia nani?”

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia angoje basi tumvue Mama na viatu. Mama aliifuta sufuria kwa ncha ya kikwembe chake, akamwekea mjane mikononi.

“Nimekuazima.”

“Mpaka wakati gani, Maman?”

“Mpaka nitarudi.”

Kwa asiye wa kwetu lazima nieleze. Kitu ukipewa, unashukuru, mambo yanaishia hapo. Kitu ukiazimwa, wewe na mwenyewe mnabaki na jambo kati yenu, na siku ya kukirudisha hukirudishi kitupu. Ukiazima ungo, utarudi na maharagi ndani yake, hata kama ni konzi moja. Sufuria iliyorudishwa tupu ni matusi. Kwa hiyo kumwazima mtu sufuria kubwa namna ile ni kumwambia kwamba siku moja mtakula pamoja.

Basi Mama aliiazima nyumba nzima. Kinu kilikwenda, beseni zikakwenda, majembe, mikeka, taa ya mafuta, hata mwiko wa bugali. Kila mmoja alipaswa kurudia neno lenyewe mbele ya wenzake: nimeazima. Mama mmoja alisema “aksanti kwa zawadi”, na Mama akamnyang'anya chupa ya chai papo hapo. Alimrudishia Jumapili, baada ya misa, alipokuwa amejifunza kusema.

Papa aliona ni mchezo. Yeye alikuwa na hamu ya wajukuu na hakutaka maneno mengi. Kiti chake cha mbao, chenye mikono mipana ambayo aliwekea kikombe na redio miaka yote, alimpa rafiki yake katekista. Alimpa kabisa, wakashikana mikono, wakanywa kasikisi, pombe ya ndizi, juu yake.

“Wewe, mama yenu anafikiri tunaenda hapa karibu, Nyangezi,” aliniambia. “Mutu hatoke Bulaya sababu ya sufuria.”

Moyoni nilikuwa upande wa Mama, lakini mdomoni bado nilikuwa mtumwa wa kaseti.

Mnunuzi alikuja Jumamosi moja baada ya salongo, wakati watu wote wa mtaa wanarudi na majembe kutoka kusafisha barabara. Alikuwa mfanyabiashara aliyetajirika kwa dhahabu ya Shabunda, mtu wa heshima, viatu vinang'aa. Nyumbani hakukuwa na kikombe hata kimoja. Mama akanituma kwa jirani, nikaenda kuazima vikombe vyetu wenyewe. Mgeni alikunywa chai, akagonga kuta kwa vidole, akapima sebule kwa hatua zake, akauliza mvua inapita wapi. Kila alipogonga, mimi nilisikia kwenye mbavu. Mama alimwacha amalize.

“Papa, nyumba ni nzuri, umeona sawa,” alimwambia mgeni, akimwita Papa kwa adabu. “Lakini iko na mutu ndani.”

“Nani, Maman?”

Alinionyesha kwa kidevu. Nilikuwa nimesimama na sinia.

“Ule. Nimemuazima. Mpaka nitarudi.”

Alikuwa hajaniambia lolote. Yule bwana alinitazama, na Mama alinitazama, na nikajua kwamba nikikaa kimya nyumba imekwisha. Kaka alikuwa ameshaahidi. Alikuwa mkubwa wangu, alinilipia shule ya sekondari, na sijawahi kumjibu vibaya maishani.

“Ndiyo, njo vile, Papa,” nikamwambia mgeni. “Mimi niko namuchungia.”

Mnunuzi alimaliza chai yake, akaaga vizuri. Vikombe nilivirudisha kwa jirani na sukari ndani. Kaseti iliyofuata kutoka Ubelgiji ilikuwa na makelele kutoka mwanzo hadi mwisho, yote ya kunigombeza mimi. Niliisikiliza mara moja. Kisha nikarekodi kwaya ya parokia juu yake, na ni kwaya nzuri, ninayo hata leo.

Wazazi wangu waliondoka mwanzo wa kiangazi, mimi na mume wangu tukahamia nyumbani kwao. Kavumu, kwenye uwanja wa ndege, wanawake wa shirika walilia kwa sauti ya msibani kabisa, na Mama akawakemea.

“Munaliaka nini? Muende muangalie vitu vyangu visitoboke.”

Alipanda ngazi za ndege bila kugeuka. Papa ndiye aliyegeuka, akapunga kofia, na mimi nikalia kwa ajili yake.

Kaseti za Mama zilianza kuja. Tulizisikiliza uani, majirani wote, kwa sababu wote walikuwa na shauri naye. Aliuliza habari za afya, halafu za sufuria. Je, mjane anaisugua kwa majivu au kwa mchanga? Mchanga unaikwaruza. Mwenye kinu asikiache mvuani. Habari za Bulaya zilikuja mwishoni, kwa ufupi: wajukuu wanakula vizuri, baridi iko, Papa amenunuliwa kiti kinachozunguka na hakipendi.

Katika kaseti moja tu alizungumza habari ya kule kwa urefu. Mama wa Kibelgiji wa mlango wa pili alikuwa amewaletea keki kwenye sahani nzuri ya maua. Mama alifurahi sana. Aliosha sahani, akaijaza maharagi aliyoyapika asubuhi nzima, akambishia hodi. Yule mama alishangaa, akatabasamu, akasema wao wamekwisha kula. Sahani je? Akasema Mama akae nayo tu, yeye ana nyingine nyingi.

“Alisema nikae na sahani yake,” ilisema sauti ya Mama. Nyuma yake tukasikia gari likipita huko. “Ni kusema alimalizana na mimi.”

Uani hakuna aliyecheka. Mjane alikuwa ameketi na sufuria ya Mama magotini, alikuja nayo ili isikie, ndivyo alivyosema. Nilimwona anaifuta.

Wazazi wangu walirudi kwa likizo baada ya baridi ya pili, na tikiti za kwenda na kurudi ambazo kaka alizishughulikia mwenyewe. Mama alikuwa amekonda. Hakuketi. Aliweka mkoba wake mlangoni, akateremka kwa mjane akiwa bado na koti la Bulaya.

“Nimefuata sufuria yangu.”

Mjane alimwambia arudi nyumbani angoje. Kesho yake vyombo vikaanza kupanda ile njia yetu ya mteremko, na hakuna kilichokuja kitupu. Beseni zilikuja na mihogo na ndizi, ungo na maharagi, kinu na sombe mbichi, majani ya mihogo, ndani yake, chupa ya chai imejaa uji. Sufuria kubwa ilibebwa na wanawake wawili, imejaa sambaza, dagaa wa ziwa letu, na bugali juu yake kwenye majani. Wa mwisho alikuwa katekista, na kiti kichwani.

“Apana, muzee,” Papa alimwambia. “Kile nilikupatia. Ni chako.”

“Maman alipita kwangu nyuma yako,” alisema katekista akikiteremsha. “Alinirudilisha neno: nimeazima.” Kwenye kiti kulikuwa na chupa ya kasikisi. Papa alikaa, akaweka mikono yake pale palipochakaa, na hakuinuka mpaka jua lilipozama.

Likizo ilikwenda mbio. Kaka alituma habari kwamba atawangoja uwanjani kule. Masanduku yalifungwa, mimi mwenyewe niliyafunga, na sikuweza kumtazama Mama usoni. Yeye alikuwa akisugua vyombo, kimoja kimoja, kwa majivu, na kuvifunika juu ya kichanja cha uani. Papa alikuwa kwenye kiti chake, anaomba chai.

Jioni mjane alipanda kuaga. Alisimama karibu na kichanja, mikono yake safari hii imetulia.

“Maman, uniazime tena sufuria. Nitaichunga.”

Mama aliingia ndani, akatoka na ile sahani ya maua.

“Hii nimekupatia,” alisema. “Ni yako kabisa. Sufuria, apana. Kesho niko nayo na kazi.”

Ndege yao ilikuwa ya kesho hiyohiyo.