Mguu Uliosikia Kila Kitu

Udongo mweusi wa Dandora ukinyeshewa hutoa harufu nzito, kama ya chungu kipya kilichotiwa maji, na mwaka ule tuliohamia huko harufu hiyo ilichanganyika na ya saruji mbichi na ya moshi uliotoka upande wa jaa la taka. Tulikuwa tumetoka Muthurwa, katika chumba kimoja ambamo niliugua homa nikiwa bado mdogo. Homa ilipoondoka, iliondoka na nguvu za mguu wangu wa kushoto. Baba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha sabuni, alikuwa amepata ploti, akawa anajenga kidogo kidogo kila alipopata mawe. Vyumba vya mbele vilikuwa vimekwisha kuezekwa mabati. Nyuma palibaki kiwanja kitupu cha kujengwa baadaye, na hapo ndipo shangazi Nekesa, dada yake baba, aliponichimbia shimo.

Shangazi alikuja kutoka Bungoma kwa ajili yangu. Huko nyumbani mtoto aliyechelewa kutembea alisimamishwa shimoni, akafukiwa hadi mapajani na udongo ukashindiliwa, akae humo asubuhi nzima ili miguu ijifunze kubeba mwili. Shangazi alikuwa amewaona kwa macho yake watoto waliotoka shimoni wakatembea. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alinibeba mgongoni ingawa nilikuwa nimepita umri wa kubebwa, na nyama ikipikwa alinitolea kipande chake kimya kimya. Ila kabla ya kunitia shimoni alinifinya kigimbi, akafinya tena, akamwambia mama, "Wifi, mguu huu umekufa ganzi. Tazama, hata haugutuki." Mimi nilisikia uchungu hadi machoni. Lakini nilikuwa mtoto mwenye haya, wa kumeza maneno na machozi pamoja. Majirani wengi walikuwa wamenifinya tangu Muthurwa, na kila mmoja aliukuta mguu hautikisiki na mdomo hausemi, akaondoka na jibu lile lile.

Shule zilikuwa zifunguliwe Januari. Mwaka uliotangulia baba alisema tungoje, na wenzangu wa kucheza nao wakaenda kuanza darasa la kwanza bila mimi. Safari hii wakubwa walipatana hivi: mguu ukiamka, nitaandikishwa, usipoamka, shangazi atarudi nami Bungoma nikae na nyanya, nimsaidie kuwabembeleza watoto wa baba zangu wadogo. Shangazi alisema hawezi kuniacha niende kuchekwa na mji mzima. Baba aliinamisha kichwa, mama akaendelea kuchambua mboga. Mimi nilikaa katikati yao na hakuna aliyenigeukia. Nilitaka shule kuliko nilivyotaka kutembea, na hilo pia nilikuwa sijamwambia mtu.

Basi kila asubuhi mama alipokwenda sokoni Kariobangi kuuza nyanya, mimi nilipandwa. Watoto wa ploti za jirani waliliona jambo hilo siku ya kwanza tu, na kabla ya jioni nilikuwa nimepata jina la mboga ya sukuma wiki. Walikuja wakijipanga ukutani. "Sasa, Sukuma," walinisalimu. "Umemwagiliwa maji leo?" Kamau, mtoto wa Mama Njoki wa ploti ya pili, ndiye aliyekuwa hodari wao. "Msimguse, majani bado machanga," aliwaambia wenzake. "Tutamchuma Jumamosi." Shangazi aliwafukuza kwa mwiko, wakarudi, akawafukuza tena. Nami nikiwa nimebanwa na udongo, nisiweze kukimbia wala kujificha, nilianza kuusikiliza mwili wangu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Udongo uliposhindiliwa sana, niliusikia mpigo wa moyo wangu chini huko, katika paja la kulia, tu, tu, tu. Kisha nikausikia katika la kushoto, kwa mwendo ule ule. Nilisikia baridi ya udongo katika miguu yote miwili. Nilisikia kijiwe kilichonichoma kwenye kisigino cha kushoto, nikajaribu kukisogeza, kisigino kikakataa. Kilijua kijiwe kilipo, ila hakikuweza kukifanya lolote. Nikawaza kwamba mfu hawezi kujua jiwe lilipo.

Mvua zilipozidi, siafu walihama. Asubuhi moja walipita kiwanjani kwa msafara, wakatafuta njia laini ya kuingia ardhini, wakaikuta iko pembeni mwa mguu wangu wa kushoto. Wa kwanza aliponiuma nilijikaza. Kisha wakaja wote, na haya yangu yote ya tangu kuzaliwa ikaisha. Nilipiga kelele iliyomtoa hata Mama Njoki nyumbani kwake. Shangazi alifukua kwa mikono, akanivuta, akawa anawabandua wale wadudu huku analia na kucheka. "Umesikia, mwanangu? Umesikia? Mungu mkubwa, mguu umeamka!" Aliwaambia waliokusanyika kwamba shimo limefanya kazi, na kwamba kilichobaki ni kuniongezea muda, asubuhi na jioni, mpaka nitembee kama watu. Alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tena.

Jioni baba aliporudi alisimuliwa habari njema. Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyofunikwa, mguu umevimba na kupakwa mafuta. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Haukuamka," nilisema. "Haukuwa umelala."

Baba aliweka kikombe chini. "Unasema nini, Nafula?"

"Ulikuwa unasikia siku zote. Kila mliponifinya nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnafinya tu na kuangalia mguu."

Shangazi alisema ni uchungu wa siafu unaonisemesha, kesho nitatulia. Nikamwambia, bila kuinua sauti, kwamba shimoni sirudi, na kwamba Januari nitakwenda shule na mguu huu huu ulivyo.

"Na wakikucheka je?" aliuliza.

"Wameshanicheka, shangazi."

Asubuhi shimo lilikuwa limefukiwa. Nilisikia baadaye kwamba baba mwenyewe ndiye aliyelifukia. Januari alinikatia fimbo, tukaenda naye kuniandikisha, na mwalimu mkuu alipomwuliza kama mtoto ataweza kufika kila siku, baba alimwambia, "Mwulize yeye." Nikasema nitaweza. Nilichelewa mara nyingi, nikaadhibiwa kwa kuchelewa kama wengine, na adhabu hiyo niliipokea kwa fahari.

Miaka kadhaa baadaye, katika somo la sayansi, mwalimu alichora mtu ubaoni na kuonyesha nyuzi za neva. Alisema zipo zinazopeleka habari kwenye ubongo, zipo zinazoleta amri kwa misuli, na ugonjwa wa kupooza huua zile chembe hai za neva zinazotoa amri katika uti wa mgongo na kuziacha za habari zikiwa nzima. Msuli usioamrishwa hukonda. Moyo haungoji amri, hujipigia wenyewe. Aliuliza nani ameelewa. Sikuinua mkono, maana haya ilikuwa imerudi, lakini nilikaa wima kwenye deski kama mtu aliyeshinda kesi.

Sikuendelea na masomo baada ya darasa la saba, na hata haya nayaandika polepole, neno kwa neno. Dandora sasa ni maghorofa, na watoto hutiwa matone ya chanjo mdomoni, kwa hiyo wenye mguu kama wangu tumebaki wachache na tumezeeka. Kanisani nimeitwa mbele zaidi ya mara moja niombewe mguu uamke, nami hubaki nimeketi. Siku hizi umeanza kuchoka upya. Daktari anasema zile chembe chache zilizopona zimefanya kazi ya nyingi kwa muda mrefu. Ni kijana mpole, anajua kazi yake. Lakini nilipokwenda na binti yangu mwezi uliopita, aliushika mguu wangu, akaubonyeza, kisha akamtazama binti yangu na kumwuliza, "Mama anasikia maumivu hapa?" Binti yangu alifungua mdomo ajibu. Nikamgusa mkono anyamaze, nikangoja mpaka daktari akainua macho yake kutoka mguuni, akanitazama usoni.

"Sasa uliza tena," nikamwambia.