Simu niliacha ku meza ya muuzaji

Leo muuza simu mumoja hapa Gisenyi amenitukana, na simu yake yenyewe ndiyo ilimushitaki.

Munajua mi navaa mashini za kusikia. Nilienda na dada yangu mudogo kutafuta simu yenye inashikana nazo vizuri, juu wateja wangu wa samaki sambaza wanaagiza kwa simu.

Mi nauliza, yeye anamujibu dada yangu mudogo! "Mwambie hii iko na sauti kubwa." Akaweka muziki, duka yote ikatetemeka.

Mushenzi.

Bon, nikashikanisha simu na mashini zangu mi mwenyewe. Iko na kitu muzuri: ukiiacha mezani, inakuletea masikioni maneno ya watu wenye wako karibu nayo. Nikaiacha mbele yake, nikatoka mupaka barabarani nijaribu.

Nikamusikia masikioni anamwambia mwenzake: "Huyu kiziwi tumupatie ile mbovu yenye ilirudishwa. Atajuaje?"

Weee!

Nikarudi. Wateja walijaa. Nikapaza sauti, juu yeye anapenda sauti kubwa: "Umesema munipatie ile mbovu yenye ilirudishwa?"

Wateja wote wakamugeukia. Yeye akakimbia kuzima muziki.

Donc, marafiki, simu iko muzuri sana. Nani mwingine anaiuzisha hapa mujini?